Maji Yakishuka: Mwongozo Kamili wa Mtaa Kusimama Tena Baada ya Dhoruba

Asubuhi ya kwanza baada ya maji kushuka, tope ndani ya nyumba bado ni laini kama uji wa ulezi. Mtu mmoja mwenye koleo na ndoo anasafisha chumba kizima kabla ya jua la mchana. Ukiliacha likapigwa na jua la Moshi siku tatu, utalichimba kwa sururu, na kila pigo litatikisa ukuta uliokwisha kulegea. Nimeanza na hilo kwa sababu kazi yote ya kusimama tena iko hivyo: kila jambo lina siku yake, na siku hiyo ikipita gharama yake hupanda.

Sisi wa Moshi na Arusha hatupigwi na kimbunga chenyewe. Vimbunga huhitaji bahari yenye joto, na ni nadra kuzaliwa karibu sana na ikweta. Moshi iko nyuzi 3 tu kusini mwake, tena ndani ya nchi kavu. Kimbunga Hidaya kilipokaribia nchi yetu mwanzoni mwa Mei 2024, walioguswa ni ndugu zetu wa Mafia na pwani ya kusini. Lakini mvua zilizotangulia mwezi Aprili zilitupata sawasawa. Maji yalishuka kutoka mlimani kwa Karanga, Njoro na Rau, yakaingia nyumba za tambarare huku chini, na Arusha basi lililobeba wanafunzi likasombwa na korongo. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kuwa watu 155 wamefariki nchini katika msimu ule. Chini ya miezi mitano nyuma yake, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilikuwa vimeshuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh. Yanayofuata baada ya maji kushuka, yaani kiu, kuhara, nyaraka zilizolowa, ugomvi wa magodoro na paa lililong'oka, hayana tofauti kubwa kati ya Beira, kule Msumbiji, baada ya Kimbunga Idai na kitongoji cha Kata ya Mabogini hapa Moshi.

Nilikuwa katibu wa kamati ya mtaa wetu. Ninayoandika hapa ni yale tuliyoyafanya vizuri, na machache tuliyoyakosea ambayo yaliwaumiza watu.

Hatua ya kwanza: hesabu watu, wala usivuke maji

Saa chache za mwanzo ni za kuhesabu vichwa. Kila mjumbe apite kwenye nyumba zake, aite kwa majina. Waulizwe kwanza wazee wanaoishi peke yao, wenye ulemavu, waja wazito, na watoto ambao wazazi wao walikuwa safarini usiku ule. Aliyenaswa aitiwe Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, au polisi kwa 112.

Maji yanayokimbia yakifika kwenye kifundo cha mguu au juu kidogo, kama sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuinua gari dogo, na 60 zinabeba magari mengi ya kawaida. Dereva wa bodaboda atakwambia anaijua njia. Anaijua ilivyokuwa jana; leo huenda chini ya maji hayo hakuna barabara. Wekeni vijana wawili kila upande wa kivuko, wenye kamba na firimbi, wawazuie watu kwa upole na bila kuchoka. Kazi hii haina sifa, lakini ndiyo iliyookoa watu wengi kwetu kuliko nyingine yoyote.

Umeme nao: kama maji yalifika kwenye soketi, zima swichi kuu ukiwa umesimama pakavu. Ikiwa huwezi kuifikia bila kukanyaga maji, iache na uwaite TANESCO. Asirudishe mtu umeme mpaka fundi aukague.

Hatua ya pili: daftari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipokosea.

Siku ya kwanza tuliandika orodha ya nyumba. Jina la mwenye nyumba, idadi ya vyumba, hasara. Ilionekana orodha safi. Mablanketi na unga vilipofika tukagawa kwa orodha ile, na jioni akaja mama mmoja mpangaji, amembeba mtoto mgongoni, akasimama mbele ya meza yetu. "Shikamooni baba zangu. Mimi nililala chumba cha nyuma na wanangu watatu. Hamkuniandika?" Mwenye nyumba anaishi mjini, hakulowa hata kiatu, na jina lililosimama kwenye daftari letu lilikuwa lake. Wapangaji wa aina hiyo mtaani kwetu walikuwa wengi kuliko wenye nyumba. Ilituchukua siku mbili kurekebisha, na katika siku hizo mbili watoto walilala juu ya viroba.

Basi andika watu, usiandike nyumba. Swali la kuuliza mlangoni ni moja: "Usiku ule, mlilala wangapi humu?" Kila kaya ipewe ukurasa au mistari yake yenye mambo haya: jina la mkuu wa kaya na simu, idadi ya waliolala pale, watoto wangapi na umri wao, nani mgonjwa wa dawa za kila siku, mfano za presha, kisukari au za kufubaza virusi, nani anyonyeshaye, nini kimepotea, wanalala wapi leo, na kama ni wapangaji au wenyeji. Hali za wagonjwa ziandikwe kwenye daftari la pili linaloshikwa na mhudumu wa afya wa jamii peke yake. Hayo si ya kusomwa hadharani.

Orodha ya kawaida ndiyo isomwe hadharani. Waiteni watu chini ya mti au kwenye uwanja wa shule, msome jina kwa jina kwa sauti, na mwulize nani ameachwa na nani ameandikwa mara mbili. Nusu saa hiyo huondoa manung'uniko ya mwezi mzima. Wakati wa kugawa, anayepokea atie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao mwanamke. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu na kutumwa kwa mtendaji wa kata siku hiyohiyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi ya kijiji na mtaa, kwa hiyo daftari hili halichukuliwi kama karatasi ya wapambe. Ni taarifa ambayo wilaya itaijengea hesabu zake. Kaya isiyomo huwa ngumu sana kuingizwa wiki ya tatu, wakati magari ya misaada yameshapungua.

Na mkiulizwa mnahitaji nini, jibuni kwa daftari, msijibu kwa aibu. Nguo za mitumba huja kwa malori hata zisipoombwa. Visivyoletwa mpaka viombwe ni koleo, viatu vya mpira, ndoo zenye mifuniko, sufuria, pedi, vyandarua na dawa ya kutibu maji.

Hatua ya tatu: maji ya kunywa na choo

Beira ilipigwa na Idai usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019. Kabla mwezi haujaisha kipindupindu kilikuwa kimetangazwa, na mwanzoni mwa Aprili walianza kuchanja watu kwa dozi karibu 900,000. Dhoruba ilipita kwa usiku mmoja, ila maji machafu yaliendelea kuwatafuta watu kwa majuma. Ndiyo maana hatua hii isingoje tope liishe.

Hata bomba la mamlaka ya maji lisiaminiwe mpaka mamlaka yenyewe itangaze kuwa limepimwa, kwa sababu bomba lililopasuka chini ya tope hunyonya uchafu presha inaposhuka. Maji yaliyotulia yachujwe kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, kisha yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika 1 kamili. Kwa walioko vijiji vya juu sana mlimani, dakika 3. Kuni zikiwa zimelowa, tumieni vidonge vya klorini: vile vya ndoo ya lita 20, kidonge 1, koroga, funika, subiri dakika 30. Maji yakiwa bado na rangi ya chai ya maziwa, rudia kuchuja kwanza, maana uchafu hula nguvu ya dawa.

Kwa kupanga mahitaji, viwango vya kimataifa vya misaada huhesabu angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Kaya ya watu sita ni madumu manne na nusu ya lita 20. Mkijua hivyo mtajua bowser moja la maji linatosha watu wangapi, na hamtagombana kwenye foleni.

Kisima kilichoingiliwa na mafuriko kifungwe kwa miiba au kamba mpaka kitolewe maji yote, kisafishwe na kutiwa klorini kwa usimamizi wa afisa afya au fundi wa maji.

Choo cha shimo kilichofurika kisitumike tena. Chimbeni cha muda angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa mteremko ulio chini ya kisima. Kambini, choo 1 kwa watu 50 ni cha siku za mwanzo tu; lengeni kufika 1 kwa watu 20. Vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, vifungike kwa ndani, na njia ya kwendea iwe na taa. Binti anayeogopa kwenda chooni usiku huacha kunywa maji mchana, na hilo tuliliona kwa macho yetu.

Mtu akianza kuhara, mpeni ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji. Ikikosekana, changanyeni lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Anywe kidogo kidogo bila kukoma, huku akipelekwa kituoni. Kuhara majimaji kama ya mchele uliooshwa hakungoji asubuhi. Mtu aliyefanya kazi kwenye tope akipata homa ndani ya wiki chache, amweleze daktari kwamba alikanyaga maji ya mafuriko. Homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa panya na mifugo, hufanana na malaria, na daktari asipoambiwa huenda asiifikirie.

Hatua ya nne: tope na nyumba

Hii ni kazi ya msaragambo, yaani ya watu wote kwa pamoja, na huku kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Gaweni watu kwa vikundi vya wanane au kumi, muanze na nyumba za wajane, wazee na wagonjwa. Mkianza na nyumba ya mwenyekiti, kesho watu hawatatokea.

Vaeni viatu vya mpira, maana chini kuna misumari, chupa na wakati mwingine nyoka aliyekimbilia pakavu. Mwenye kidonda mguuni abaki kupika.

Kabla ya kuingia, zungukeni nyumba kwa nje. Ufa ulionyooka kama uzi kwenye plasta haunitishi. Unaonitisha ni ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha, ukuta uliotoka tumbo, au msingi uliobaki ukining'inia baada ya udongo kuchukuliwa. Hapo asiingie mtu mpaka fundi aegemeze nguzo. Kwa nyumba ya tofali mbichi ngoja zaidi: ukuta uliolowa mpaka nusu unaweza kusimama siku ya kwanza na kuanguka siku ya pili.

Tope lisitupwe mtaroni. Nalirudia kwa sababu kila mafuriko watu hulirudia kosa hili: unasafisha sebule, unajaza mtaro, na mvua ya juma lijalo inakurudishia tope lako pamoja na la jirani. Chagueni eneo moja, toroli ziende huko, na baadaye udongo huo utafaa kujazia mashimo ya njia.

Tope likishatoka, sugueni sakafu na kuta kwa sabuni, kisha kwa maji yenye klorini: kikombe 1, yaani kama mililita 240 za dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ndani ya ndoo ya lita 20. Fungueni madirisha, na msichanganye dawa hiyo na dawa nyingine ya chooni. Mvuke wake unaweza kuua. Sakafu ya udongo haioshwi, inakwanguliwa tabaka la juu na kushindiliwa upya. Godoro la sponji lililonywa maji ya choo litupwe, hata kama inauma.

Plasta na rangi visubiri. Ukuta hukauka kwa majuma mengi, na rangi iliyopakwa mapema hubanduka na kuacha ukungu unaowakohoza watoto.

Hatua ya tano: chakula, shamba, mifugo

Mboga zilizofunikwa na maji machafu zisiliwe mbichi, na za majani ni afadhali ziachwe kabisa. Mahindi yaliyolowa ghalani yasianikwe tu na kurudishwa. Sumukuvu huota humo, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Yenye ukungu yasiliwe na mtu, na kuku au ng'ombe wasipewe. Mizoga izikwe kwa kina mbali na visima na mito, afisa mifugo akiwa na taarifa. Shambani, tope la mlimani mara nyingi lina rutuba. Likishakauka kiasi cha kukanyagika, maharage na mboga za muda mfupi huleta chakula kabla ya msimu mpya. Wakulima wa mpunga wakutane kwanza kuhusu mifereji, kwa sababu mfereji mmoja uliozibika huzamisha majaruba ya wengine wote.

Hatua ya sita: karatasi na fedha

Vyeti vilivyolowa visibanduliwe kwa nguvu. Vilazwe kivulini juu ya kitambaa, vikauke, ndipo vitenganishwe. Vipigwe picha vyote, hata vilivyofutika nusu.

Kwa vilivyopotea, anzeni polisi kupata taarifa ya upotevu, kisha NIDA kwa kitambulisho, RITA kwa cheti cha kuzaliwa au kifo, ofisi ya ardhi kwa hati. Mtaa wetu ulifanya jambo jema hapa: badala ya watu 40 kupanga foleni mjini kila mmoja na nauli yake, tulikusanya maombi tukamwomba mtendaji atuandikie barua moja ya utambulisho yenye majina yote.

Vikoba vikutane ndani ya wiki ya kwanza. Marejesho yasimame kwa muda uliotajwa, miezi miwili au mitatu, na uandikwe kwenye muhtasari. Mfuko wa jamii utolewe kwa usawa. Wanachama wasipokutana, kila mmoja huanza kumkwepa mwenzake, na kikoba hufa kwa aibu wakati fedha bado zipo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vifuatilie pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Na mtu asikimbilie mkopo wa riba ya kila wiki kununua mabati. Nimeona familia ikipoteza kiwanja kwa njia hiyo, kiwanja ambacho mafuriko yenyewe yalikiacha.

Hatua ya saba: kujenga upya, wapi na vipi

Kila ukuta uliosalia una mstari wa maji. Kabla hamjaufuta, upimeni kwa futi, upigeni picha, na muuandike kwenye daftari. Fundi akija kujenga upya, sakafu iinuke juu ya mstari huo pale inapowezekana, na pasipowezekana, angalau rafu ya nyaraka na mbegu iwe juu yake.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Najua mtu aliyenunua kiwanja hapo kwa jasho lake hataki kusikia. Kamati isimfokee. Ikae naye, ipime kwa kamba mbele yake, imwandikie barua ya kuomba kiwanja mbadala, na imfuatilie kama ndugu. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko hapahapa Moshi, na inaweza kuulizwa kuhusu mito yetu.

Kuhusu upepo, tujifunze kwa wanaoishi na vimbunga. Paa halichukuliwi na upepo unaolisukuma kwa juu tu. Upepo hulinyonya, na ukiingia kwa chini ya veranda hulinyanyua kama mwavuli. Basi nondo ziachwe zimetoka kwenye mkanda wa zege, zikunjwe kuifunga mbao inayolala juu ya ukuta. Kila kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ifungwe kwa mbao hiyo kwa mkanda wa chuma au waya mzito, isitegemee misumari miwili. Bati lipigwe misumari ya kutosha zaidi kingoni na kwenye kilele cha paa, maana ndiko linakoanzia kung'oka. Veranda ipauliwe peke yake ili ikichukuliwa isiondoke na nyumba. Nyongeza hizi ni gharama ndogo ukilinganisha na mabati yenyewe.

Watoto na waliofiwa

Shule zikigeuzwa kambi, wekeni tarehe ya kuziachia, na mapema mtenge hata madarasa mawili ya kusomea. Mtoto anayerudi darasani hurudi kwenye siku anayoijua. Wengi wataogopa mvua kwa muda. Watalia wakisikia bati likigonga, au watakojoa kitandani wakiwa wakubwa. Wasichapwe. Waelezwe maji yalitoka wapi, waonyeshwe njia ya kukimbilia, wapewe kazi ndogo kama kushika tochi.

Waliofiwa wasiachwe baada ya matanga. Wapangieni watu wa zamu, nyumba mbili kila juma, kwa miezi mitatu. Mkienda msiwe na maneno mengi. Pelekeni maji, kaeni.

Kabla ya masika yanayofuata

Januari, Desemba yenye sherehe ikishapita na ndugu waliokuja kuhesabiwa mlimani wakisharudi mijini, fanyeni msaragambo wa mitaro na mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia. Wa juu na wa chini wakutane siku moja, kwa sababu mfongo ulioachwa wazi Kibosho au Uru ndio unaomwamsha mtu wa tambarare usiku wa manane. Chagueni mtu wa juu atakayepiga simu mto unapobadilika rangi na kuanza kuleta magogo, na watu watatu wa chini watakaopokea simu hiyo hata saa nane usiku. Bangladesh wamekuwa na mpango wa watu wa kujitolea wenye vipaza sauti tangu 1972. Sisi tuna kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa, tukiwaomba viongozi wa dini mapema. Kubalianeni mlio mmoja na mahali pamoja pa kukimbilia, kisha mpajaribu kwa miguu, gizani, mkiwa na wazee.

Siku hiyohiyo daftari lifunguliwe tena. Waliohama wafutwe, waliozaliwa waongezwe, wapangaji wapya waandikwe. Nakala moja ikae kwa mtendaji, nyingine kwa mjumbe anayeishi pa juu kabisa mtaani, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Letu liko kwa yule mama mpangaji, ambaye sasa ndiye katibu.